Maiki moja jukwaani: kupanga sauti ya onyesho la bluegrass

Bendi ya bluegrass, muziki wa kijijini wa Marekani unaopigwa kwa ala za nyuzi, kwa kawaida haina dramu wala gitaa la umeme. Ina banjo ya nyuzi tano, mandolini, fidla, gitaa kavu na besi kubwa ya kusimama, na pengine dobro, gitaa lenye sahani ya chuma linalopigwa likiwa limelazwa. Fundi sauti aliyezoea bendi za umeme hukimbilia kufunga maiki kumi, na hapo ndipo mambo huharibika. Tangu enzi za Bill Monroe, mwanzilishi wa muziki huu, kwenye kipindi cha redio cha Grand Ole Opry, Nashville, Marekani, miaka ya 1940, wapigaji wa muziki huu wamezoea kuizunguka maiki na kupimiana sauti kwa miguu: mwenye zamu husogea, wengine hurudi nyuma. Wape mahali pazuri pa kusogelea, halafu waachie kazi.

Tafuta maiki ya kondensa (maiki nyepesi kusikia, inayohitaji umeme) yenye kiwambo kikubwa, ya aina inayosikia mbele na kuwa kiziwi mgongoni. Maiki ya kawaida ya kushika mkononi haifai. Imetengenezwa kwa mdomo ulio karibu, na ukitaka isikie mtu aliye nusu mita utaipandisha hadi ianze kulia, yaani kupiga mluzi kwa kuisikia tena sauti ya spika. Kondensa hutaka umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti. Umeme huo uwashe sauti ikiwa imeshushwa kabisa, la sivyo spika zitapiga mshindo.

Maiki isimamishe kwenye usawa wa mabega ya mwimbaji, kama sentimita 130 hadi 140 kutoka sakafuni, ipate mdomo na ala kwa pamoja. Spika kuu zikae mbele yake, upande wa watazamaji, angalau mita 2, zikitazama nje. Ukiongeza umbali huo mara mbili mahali pa wazi, sauti inayorudi kwenye maiki hupungua kwa takriban desibeli 6, faida kubwa kuliko utakayoipata kwenye ikwalaiza, kifaa cha kupunguza au kuongeza sauti nzito na nyembamba. Monita, yaani spika zinazowaelekea wapigaji, ziondoe, watu waliosimama bega kwa bega husikiana vizuri. Wakishikilia, weka moja tu, kwa sauti ya chini, mgongoni mwa maiki.

Sasa waite wapigaji na mpime nafasi. Mwimbaji mkuu akae sentimita 30 hadi 40 kutoka kwenye maiki, waitikiaji wainamie pembeni yake. Banjo ndiyo yenye kelele kuliko zote: hata kwenye solo isikaribie zaidi ya nusu mita, na zamu yake ikiisha irudi nyuma zaidi ya mita moja. Gitaa ni kinyume chake. Solo ya gitaa haisikiki mpaka tundu lake lifike sentimita 15 au 20, kwa hiyo mpigaji lazima ainue ala, siyo kuinama tu. Mandolini isitupwe mbali, maana mkato wake, mpigo mfupi unaozimwa papo hapo, kwenye pigo la pili na la nne ndio unaoshika nafasi ya dramu. Ukipotea, wimbo mzima unachechemea. Besi haizunguki. Ipe maiki yake ndogo au pikapu (kinasa sauti kinachofungwa kwenye ala), kwa sauti ya kiasi. Kubalianeni pia njia: kuingia kushoto, kutoka kulia, ili shingo ya banjo isigonge upinde wa fidla.

Kisha pandisha sauti polepole mpaka maiki ianze kulia. Tafuta masafa ya sauti (frikwensi) yanayolia kwenye ikwalaiza, yapunguze desibeli 3 au 4, urudie. Ukifika mara nne au tano, acha, kwani zaidi ya hapo sauti za watu hukonda. Shusha yote desibeli 6 kutoka kwenye ukingo huo, na ukate kila sauti nzito iliyo chini ya hezi 80 kwenye maiki kuu, maana jukwaa la mbao hupitisha vishindo vya miguu.

Ala zipande jukwaani nusu saa kabla ya kuanza. Ngozi ya banjo, ikiwa ni ngozi halisi, hulegea kwa unyevu, na nyuzi hubadilika kwa joto la taa. Bendi ikihama kutoka ufunguo wa G kwenda A, mpigaji wa banjo hufunga kapo (kibano cha nyuzi) kwenye kizuizi cha pili cha shingo (freti) na kupandisha pia uzi mfupi wa tano, kutoka G hadi A. Mpe muda, na usizime maiki. Huo ndio wakati kiongozi huzungumza na watazamaji.

Solo ikisikika chini, usiguse mikisa. Ukipandisha, mwimbaji akirudi mbele maiki italia. Mwashirie mpigaji asogee hatua moja.