Somo: Kununua kwenye maduka ya masalio ya chapa nje ya Dubai, kwa msafiri wa Mombasa

Assalaam aleikum wanachama wote. Somo hili linamhusu msafiri anayekwenda Dubai kwa matembezi au kuwaona jamaa, na ambaye angependa kutenga siku moja kwa ajili ya yale majumba ya nje ya mji ambako kampuni za chapa maarufu huuza masalio ya misimu iliyopita kwa bei ya chini. Halihusu ununuzi wa jumla wa Deira wala wa Dragon Mart, kwa kuwa huko wafanyabiashara wetu wanakujua vyema. Linamhusu mtu anayetafuta kiatu, mkoba au nguo za watoto kwa matumizi ya nyumbani, na anayetaka kitu kitakachodumu baada ya kufika Mombasa. Tangu Januari 2024, shirika la ndege la flydubai lilipoanza kuruka moja kwa moja kati ya Mombasa na Dubai, safari yenyewe imekuwa nyepesi. Uzito umebaki katika kuchagua.

Hatua ya kwanza: chagua jumba moja tu

Majumba yanayotajwa zaidi ni mawili. Dubai Outlet Mall, lililofunguliwa mwaka 2007, liko kando ya barabara ya kwenda Al Ain. The Outlet Village, lililofunguliwa mwaka 2016, liko upande wa Jebel Ali karibu na Dubai Parks and Resorts, kwenye njia ya kuelekea Abu Dhabi, na limejengwa kwa kuiga mji wa San Gimignano wa Italia. La kwanza linafaa zaidi familia yenye orodha ndefu na fedha za kadiri, na la pili humfaa anayetafuta chapa za anasa. Kuyatembelea yote mawili kwa siku moja ni kuitumia siku barabarani, na sishauri mtu afanye hivyo.

Hatua ya pili: jitayarishe ukiwa bado nyumbani

Andika orodha ya vitu unavyohitaji, kisha tafuta bei ya kila kimoja kwenye tovuti ya kampuni inayokitengeneza na uiandike pembeni. Pima miguu ya kila utakayemnunulia kwa sentimita. Kwa watoto, chora unyayo kwenye karatasi na uichukue karatasi hiyo, kwa sababu namba za viatu za Uingereza, za Marekani na za Ulaya hazifanani, na muuzaji hawezi kukisia mguu ambao hakuuona.

Kuhusu fedha, dirhamu imefungwa kwa dola ya Marekani kwa kiwango cha 3.6725, hivyo kinachobadilika kwetu ni shilingi peke yake. Dola ikiwa shilingi 129, dirhamu moja huwa karibu shilingi 35. Fanya hesabu hiyo kwa kila bei utakayoiona, maana dirhamu 400 husikika kuwa kidogo mpaka mtu atambue kwamba ni shilingi 14,000.

Hatua ya tatu: usafiri na saa

Metro haifiki kwenye mlango wa jumba lolote kati ya hayo mawili, kwa hiyo wageni wengi hutumia teksi, na ada ya Salik, yaani malango ya kutozea ushuru wa barabara, huongezwa kwenye nauli. Kina mama wanaosafiri peke yao wanaweza kuomba teksi zenye paa la waridi, ambazo huendeshwa na wanawake. Mwisho wa juma rasmi wa Dubai tangu mwaka 2022 ni Jumamosi na Jumapili. Nendeni siku ya kazi, asubuhi, kabla ya vyumba vya kujaribia nguo kujaa watu. Kumbukeni kwamba saa za Dubai ziko mbele ya zetu kwa saa moja.

Hatua ya nne: kagua kila kitu kana kwamba hakina chapa

Hapa ndipo penye uzito wa somo hili, nami naomba wanachama wapasome kwa makini.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba si kila kitu kilichomo katika maduka haya kimetoka kwenye duka kuu la chapa hiyo. Kampuni nyingi hutengeneza bidhaa maalumu kwa ajili ya maduka ya masalio, kwa kitambaa chepesi zaidi au mshono wa bei nafuu, kisha huzitundika pamoja na masalio halisi. Suala hili limezungumzwa hadharani: Januari 2014, wabunge wanne wa Marekani waliiandikia Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo wakiitaka ichunguze ikiwa wanunuzi wanapotoshwa. Bidhaa ya namna hiyo si bandia na kuiuza si kosa, lakini bei ya zamani iliyoandikwa kwenye karatasi yake huenda haikuwahi kulipwa na mtu yeyote.

Masalio halisi yana dalili zake. Saizi huwa zimekatika: utaona namba 37 na 42, lakini 39 na 40 hazipo. Rangi huwa chache, na mara nyingi ni zile ambazo wanunuzi wa msimu uliopita hawakuzipenda. Ukiona shati moja limepangwa kwa saizi zote na rangi sita, yaelekea limetengenezwa kwa ajili ya duka hilo. Soma namba ya toleo kwenye lebo ya ndani, uiandike kwenye simu na utafute. Kitu kilichowahi kuuzwa katika duka kuu kwa kawaida huacha alama zake kwenye intaneti, pamoja na bei yake ya kweli.

Jambo la pili linatuhusu sisi watu wa pwani kuliko wanunuzi wengine wote, nalo ni umri wa bidhaa. Viatu vingi vya michezo, na hata baadhi ya viatu vya ngozi, vina soli ya povu la poliyurethani, ambayo ni aina ya plastiki, na nyenzo hiyo huvunjwa taratibu na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa ndani ya boksi bila kuvaliwa. Kiatu kilichokaa ghalani miaka mitatu, kisha kikaletwa Mombasa, kinaweza kupukutika soli mapema sana, na mwenye kiatu akadhani ameuziwa bandia. Viatu vingi vya michezo vina tarehe ya kutengenezwa kwenye lebo iliyo ndani ya ulimi, isome. Bonyeza soli kwa kidole gumba, ikunje kidogo, na utazame ikiwa kuna nyufa nyembamba au unga. Mikoba ya ngozi ya kuiga iliyopakwa poliyurethani hufuata mkondo huo huo: hubanduka magamba. Kwa hali ya hewa yetu, mkoba wa ngozi halisi wa chapa isiyojulikana una thamani kuliko mkoba wa kuiga wenye jina kubwa.

Mengine ni ya kawaida: fungua na ufunge zipu mara kadhaa, tazama bitana, na uulize kama kitu kimewekwa kando kwa sababu ya kasoro. Makoti ya baridi hupunguzwa bei sana, lakini hayana kazi Mombasa.

Hatua ya tano: kulipa na kurudishiwa kodi

Uliza masharti ya kurudisha au kubadilisha kabla ya kulipa. Ukilipa kwa kadi na mashine ikakuuliza kama utalipa kwa shilingi au kwa dirhamu, chagua dirhamu, kwani kiwango cha ubadilishaji cha mashine kwa kawaida humwumiza mteja.

Falme za Kiarabu hutoza VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 5 tangu mwaka 2018, na mtalii aweza kurudishiwa sehemu kubwa yake baada ya kukatwa ada. Duka liwe limejiandikisha katika mpango wa kurudisha kodi unaoendeshwa na kampuni ya Planet, manunuzi yafikie angalau dirhamu 250, na pasipoti ionyeshwe wakati wa kulipa. Siku ya kuondoka, pita kwenye mashine za Planet kabla ya kukabidhi mabegi, kwa sababu unaweza kutakiwa uonyeshe bidhaa. Tuwe wakweli kuhusu kiasi: katika dirhamu 1,050 ulizolipa, kodi ni 50 tu.

Hatua ya sita: mizigo na forodha

Pima begi hotelini. Maboksi ya viatu hujaza begi bure, kwa hiyo yaacheni. Hifadhini risiti zote, kwa sababu afisa wa forodha wa Moi International anaweza kuziomba. Taarifa ya KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, ya Novemba 2023 ilitaja kiwango cha dola 500 kwa vitu vya matumizi binafsi visivyotozwa ushuru. Someni kiwango kinachotumika wakati wa safari yenu.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Likoni: Je, bei hupatanwa kama Kongowea?

Jibu: La, dada yangu, bei ni ile iliyoandikwa. Kinachopatikana ni tangazo la kununua viwili upewe cha tatu. Gawanya jumla kwa tatu, kisha ujiulize kama ulikihitaji hicho cha tatu.

Swali, kutoka Kisauni: Naweza kulipa kwa M-Pesa?

Jibu: Huduma ya GlobalPay hutoa kadi ya Visa isiyo ya plastiki kwa ajili ya manunuzi ya intaneti. Kwenye kaunta tegemea kadi ya benki, na uwe na dirhamu kidogo za teksi.

Swali, kutoka Majengo: Nikinunua jozi thelathini za viatu ili niviuze nyumbani, vitahesabiwa kuwa vyangu?

Jibu: Havitahesabiwa hivyo, ndugu yangu. Hiyo ni biashara, na hutozwa ushuru kama biashara. Tumia wakala wa forodha na ulete mzigo kwa njia halali.

Swali, kutoka Mji wa Kale: Mwanangu yuko Uingereza, nami nitapitia Paris. Mambo ni yale yale?

Jibu: Ukaguzi ni ule ule, mama, lakini kodi hutofautiana. Bicester Village, kijiji cha maduka ya masalio cha England, hufikiwa kwa treni kutoka kituo cha Marylebone cha London kwa muda usiofika saa moja, ila tangu Januari 2021 mgeni anayebeba bidhaa kutoka madukani England harudishiwi VAT. Kwa upande wa Paris, La Vallée Village, ambacho ni kijiji cha aina hiyo hiyo, kiko karibu na kituo cha Val d'Europe kwenye njia ya treni ya RER A, na Ufaransa humrudishia asiyeishi Umoja wa Ulaya sehemu ya VAT yake ya asilimia 20, manunuzi ya duka moja yakizidi euro 100. Kwa hiyo, kitu cha bei kubwa kinunuliwe Ufaransa.

Swali, kutoka Bamburi: Nimeshanunua viatu vya soli ya povu. Nivihifadhi vipi visipukutike?

Jibu: Vivae mara kwa mara, kwa maana kukaa bila kuvaliwa hakuvilindi. Visifungwe ndani ya mfuko wa plastiki. Viweke penye hewa, mbali na jua na ukuta wenye unyevu, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vilivyokuja navyo. Vikilowa mvua, vikaushe kivulini kabla ya kuvirudisha kabatini.