SOMO: Kuunganisha mwili na magofu ya Kilwa katika picha moja

Wadau, swali la kuufanya mwili wa mwanamke uyeyukie kwenye ukuta wa matumbawe limejaa inboksi. Naandika mara moja: unarekodi video mbili, ya ukuta na ya mwili, kisha unazipandanisha kwenye kompyuta.

1. Vibali: Bodi ya Filamu, kisha wasimamizi wa magofu. Droni ina kibali chake, Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

2. Kilwa Masoko hadi Kisiwani ni boti. Muulize nahodha saa ya maji kujaa.

3. Ukuta: tripodi, saa 12:30 hadi saa 2 asubuhi, fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50 ya sekunde. Saa sita mchana kuta zinakuwa bapa.

4. Mwili: tundika kaniki nyeusi mita 2 nyuma ya mwigizaji, mwanga utoke upande mmoja. Kaniki mpya ifuliwe kwanza, gundi yake inang'aa.

5. Hapa ndipo kazi nyingi zinafia. Kwenye programu ya kuhariri, tabaka la mwili linakaa juu ya ukuta, unachagua Screen, njia ya kuchanganya matabaka: cheusi kinatoweka, cheupe kinabaki. Sasa chokaa na matumbawe ni meupe tayari. Ukirekodi ukuta kwa mwanga "sahihi", mwili unamezwa. Shusha mwanga stopu moja na nusu hadi mbili palepale kisiwani (kila stopu ni nusu ya mwanga). Usijidanganye kwamba utapunguza kwenye kompyuta. Palipoungua kwa mwanga hapana tundu wala kivuli, ni weupe mtupu. Funga mwanga na rangi (5600K, yaani rangi ya mwanga wa mchana) kwa mkono. Ukiacha otomatiki, wingu likipita ukuta unaonekana unapumua.

6. Taifa: mwanamke wa kwenye nembo ya Tanzania amesimama, pamba miguuni, miaka yote. Mwigizaji aanze na msimamo ule, sekunde 10 kimya, kisha akae chini. Nembo yenyewe msiibandike, ina sheria yake.

MASWALI

— Mkuu, simu inafaa?
Hatua ya 5. Kama haifungi mwanga, haifai.

— Akae uchi ndani ya Msikiti Mkuu, si ndiyo sanaa?
Hapana. Ni msikiti, na kisiwani wanaishi watu. Kuubandika baadaye kwenye kibla ni kosa lilelile. Tumia Husuni Kubwa, lilikuwa kasri. Lile bwawa la pembe nane linatosha. Na ridhaa ya dada iwe ya maandishi.

— Nipo Mtwara. Nataka chale za bibi wa Kimakonde zikutane na ukuta. Taa niweke wapi?
Swali zuri, dada. Taa iwe upande uleule jua lilipougonga ukuta, la sivyo jicho linakataa. Iweke karibu na usawa wa ngozi, ipite ubavuni, chale zitoe kivuli kama matundu ya tumbawe. Angalia na mwezi wa kurekodi: Juni jua linachomoza kaskazini ya mashariki, kwa hiyo linaangaza uso wa kaskazini wa ukuta, Desemba ni uso wa kusini. Mwombe bibi akueleze kila mchoro, rekodi sauti yake, maikrofoni iwe umbali wa shubiri moja toka mdomoni.

— Upepo wa kusi unaharibu sauti huko.
Rekodi sauti ndani ya nyumba. Kamera ivuke ndani ya mfuko uliofungwa, chumvi inakula lenzi.

— Droni bila kibali, asubuhi sana?
Hatua ya 1.