Kuchonga upinde wako wa kwanza kwa mkono, kwa tulio Mwanza

Mpwa wangu wa Igoma amemaliza upinde wake wa kwanza. Umemchukua miezi mitatu, ingawa kazi ya mikono haikuzidi siku nne. Siku zilizobaki mti ulikuwa unakauka juu ya kenchi za jiko la mama yake. Tukiwa tunachonga alikuwa akiniuliza, "Mjomba, nitajuaje kama nimepunguza vya kutosha?" Swali hilohilo niliwahi kuwa nalo mimi, nikakosa wa kunijibu, na upinde wangu wa kwanza ukavunjika mikononi mwangu. Ndiyo maana naandika.

Huku Usukumani upinde si kitu kigeni. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, pinde na mishale ndizo zilikuwa silaha zao. Lakini wazee niliowahi kuwaona wakichonga hawaelezi. Mzee anachonga, wewe unatazama, na usipokuwa karibu siku hiyo, basi. Ninachoeleza hapa ni upinde wa kulenga shabaha uwanjani. Kuwinda wanyamapori bila leseni ni kosa kisheria, na sitakuelekeza huko.

Maneno manne kwanza. Mgongo ni upande wa upinde unaotazama shabaha. Tumbo ni upande unaokutazama wewe. Mikono ni zile sehemu mbili zinazopinda, juu na chini ya kishikio. Upote ni kamba yake.

Hatua ya 1: Mti

Tafuta mkole. Ni mti wa vichakani, mgumu, wenye nyuzi ndefu, na huwa unatoa fimbo zilizonyooka. Ukiukosa, chukua mpera. Kila aliyewahi kukata panda la manati utotoni anajua mpera unavyovumilia kuvutwa, shida yake ni kupata kipande kirefu kisichopinda. Mbao za paini za dukani achana nazo, zimekatwa bila kufuata nyuzi za mti na zitakatika. Mkaratusi upo kila mahali, lakini mimi siutumii: unapasuka na kujisokota ukikauka.

Unataka mche ulionyooka, urefu wa sentimita 170, unene wa kifundo cha mkono, yaani kama sentimita 5, bila matawi. Omba kwa mwenye shamba. Usiingie kwenye msitu wa hifadhi na panga. Kata miwili au mitatu kwa mpigo, kwa sababu mmoja utapasuka wakati wa kukauka.

Kama unakata wakati wa mvua, ganda linabanduka lote kama la muhogo. Ukikata kiangazi, kati ya Juni na Septemba, ganda linang'ang'ania, na hapo ndipo watu wanapolikwangua kwa panga na kujeruhi mgongo. Mgongo usiguswe na chuma. Ule uso laini ulio chini ya ganda ndio ngozi ya upinde. Ukikata nyuzi zake hata kidogo, mpasuko utaanzia hapo siku utakapovuta. Ganda likigoma, tumia kipande cha mbao butu na uvumilivu.

Hatua ya 2: Kukausha

Paka gundi ya mbao au rangi ya mafuta kwenye ncha zote mbili saa ileile uliyokata. Ukisubiri kesho, nyufa zitakuwa zimeshaingia.

Baada ya wiki moja chonga upande wa tumbo kwa tezo au panga mpaka ubaki unene wa sentimita 3, kisha ufunge kwenye ubao ulionyooka ili usijipinde, uuweke kivulini penye hewa. Usiuweke juani.

Kujua kama umekauka, usibahatishe kwa kugonga na kusikiliza. Nunua mizani ndogo ya kidijitali ya kuning'iniza, ile yenye ndoano. Mizani kubwa za duara zenye mshale wanazopimia sangara mwaloni Kirumba hazifai kwa hili, kwa sababu gramu 50 hazionekani. Pima kila Jumapili, andika. Wa mpwa wangu ulianza na kilo 2.2, ukashuka haraka mwezi wa kwanza, halafu polepole, ukasimama kwenye kilo 1.6. Wiki tatu mfululizo uzito haukubadilika, tukajua tayari. Ukikaa karibu kabisa na ziwa utasubiri zaidi, maana mti haukauki kuliko hewa inayouzunguka. Juu ya jiko, mbali na moto wenyewe, ndiyo sehemu bora niliyowahi kutumia.

Mti mbichi haukatiki, na hilo linawadanganya wengi. Unapinda vizuri tu, halafu unabaki umepinda hivyohivyo, hauna nguvu ya kurudi.

Hatua ya 3: Umbo

Chora mstari wa katikati mgongoni kwa uzi na mkaa. Katikati acha sentimita 10 za kishikio, nene kama zilivyo, na kila upande sentimita 5 za mteremko kutoka kishikio kwenda kwenye mkono. Upana wa mikono ni sentimita 4 hadi katikati ya mkono, kisha upungue taratibu mpaka sentimita 1.5 kwenye ncha. Unene uanzie milimita 18. Punguza upande wa tumbo na ubavuni tu. Mikato ya kushikia upote kwenye ncha chonga kwa tupa ya duara.

Hatua ya 4: Kuufundisha kupinda

Hapa ndipo upinde unapozaliwa au kufa, kwa hiyo nitakaa sana.

Upinde wangu wa kwanza niliuchonga mchana mmoja, nikafunga kamba, nikauvuta ili nione unapindaje. Sikuona kitu, kwa sababu anayevuta hawezi kuona umbo la upinde alioushika mwenyewe. Nikahisi mgumu, nikapunguza, nikavuta tena, na kila mara nilikuwa nakwangua palepale karibu na fundo la mti, palipoota tawi, kwa kuwa macho yalikuwa yanavutwa na rangi ya pale. Baada ya saa sita mkono wa juu ulipiga goti na kukatika. Goti ndilo neno langu kwa mahali panapopinda kuliko jirani zake. Goti likitokea, kazi yote ya mkono inabebwa na sentimita 10 za mti.

Sababu yake ni hesabu. Ugumu wa mti unafuata unene uliozidishwa kwa wenyewe, yaani unene mara unene mara unene: mkono wenye unene wa milimita 12, ukiondoa milimita 1 tu, umepoteza karibu robo ya ugumu wake mahali hapo. Ukipunguza upana kwa kiasi kilekile cha sehemu ya kumi na mbili, unapoteza sehemu ya kumi na mbili tu. Ndiyo maana mwishoni randa na tezo zinakaa pembeni, unabaki na kisu au kipande cha kioo cha dirisha unachokishika wima na kukwangulia. Napenda kioo kuliko kitu chochote, kinatoa unyoya mwembamba kama ganda la kitunguu. Vaa glavu.

Sasa utaratibu. Kwanza, bila kamba. Simamisha ncha moja chini kwenye udongo, shika ncha ya juu, sukuma kishikio kwa kiganja na utazame mkono wa chini ukipinda. Geuza, fanya upande wa pili. Usiende mbele mpaka mikono yote miwili inapinda kidogo na kwa kufanana.

Pili, kamba ndefu. Funga kamba ngumu, ndefu kuliko upinde, kutoka ncha hadi ncha, ikining'inia kidogo. Ukutani pigilia kipande cha mbao chenye mdomo wa kukalia kishikio, na chini kabisa funga kapi, kigurudumu cha kupitishia kamba. Kutoka katikati ya kamba ndefu kuna ndoano, kutoka kwenye ndoano kuna mizani yako, kutoka kwenye mizani kamba inapita kwenye kapi na kukufikia ukiwa umesimama mita tatu mbali. Sasa unavuta ukiwa mbali, unauona upinde mzima kwa mbele, na kilo unazisoma. Ukikatika, vipande havikufikii. Nyuma ya upinde paka ukuta chokaa na uchore mistari ya mkaa iliyolala, kila sentimita 5, ili jicho lipate cha kulinganisha.

Amua leo uzito unaoutaka. Kwa wa kwanza nasema kilo 13 kwenye mvuto wa sentimita 65, na sitaki kusikia zaidi. Baada ya hapo sheria ni moja: usiuvute kamwe zaidi ya kilo 13, hata kama umesogea sentimita 10 tu. Ukifika kilo 13 simama, tazama, shusha. Unavuta ili uone kosa linalofuata. Kosa likishaonekana, kila sentimita ya ziada inaumiza mti bila faida.

Unatazama nini? Kila mkono uwe tao moja laini la mviringo, kuanzia mteremko wa kishikio hadi karibu na ncha. Mahali paliponyooka weka alama ya mkaa upande wa tumbo: hapo ndipo pa kukwangua. Mahali panapopinda kupita kiasi weka msalaba: hapo usiguse kabisa mpaka jirani zake wafikie. Huwezi kuurudishia mti unene, kwa hiyo goti linatibiwa kwa kupunguza kila mahali isipokuwa penye goti. Mkono mmoja ukiwa mgumu kuliko mwingine, ukwangue wote kwa urefu, mipapaso mitano mitano.

Kisha, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: baada ya kila kukwangua, vuta na kuachia pole mara 30 kabla hujatazama tena. Mti haukuonyeshi mara moja ulichouondolea. Mpwa wangu aliona hakuna mabadiliko akataka kukwangua tena. Nikamshika mkono, akavuta mara 30, na mkono ukawa umelegea sentimita nzima. Kama ningemwacha, angekuwa ameshapita.

Kwenye fundo acha nyama zaidi, na liache gumu kidogo. Ukiona vimistari vyembamba vinavyokatiza tumbo, kama mikunjo ya ngozi, nyuzi zimebonyea hapo. Ukiona unyuzi umeinuka mgongoni, acha kabisa. Huo umekwisha, anza mti wa pili uliokausha.

Ukifika sentimita 35 za mvuto kwa kamba ndefu na umbo ni zuri, ndipo unafunga upote mfupi, wa kweli. Nafasi kati ya upote na kishikio iwe sentimita 15, ngumi pamoja na dole gumba lililosimama. Endelea ukutani vilevile, sentimita 5 kwa sentimita 5, mpaka 65. Sisi tulitumia jioni tatu kwa sentimita hizo 30, na kila jioni tuliacha giza lilipoanza, kwa sababu taa ya pembeni inaleta kivuli kinachofanana na goti.

Ukifungua upote, tazama mti ukilala. Ukibaki umepinda sentimita 2 au 3, ni kawaida. Zaidi ya 5, aidha ulikuwa mbichi au umeuvuta kupita kiasi.

Hatua ya 5: Upote

Huku pwani ya ziwa kila mtu atakushauri uzi wa nyavu. Usiuchukue. Ni nailoni, na nailoni inanyooka. Nafasi yako ya sentimita 15 itakuwa 10 baada ya mishale kumi, na mshale utatoka mvivu. Nunua uzi wa poliesta wa mafundi cherehani, ule mnene wa kushonea makochi. Pima nguvu yake: funga ndoo kwenye uzi mmoja, ongeza maji lita kwa lita mpaka ukatike. Lita moja ni kilo moja, na ndoo yenyewe ihesabu pia. Unganisha nyuzi za kutosha zifike kilo 70, zigawe mafungu mawili, kila fungu lisokote kulia na uyapitishe kushoto, kama unavyosokota kamba yoyote. Paka nta ya nyuki. Juu tengeneza kitanzi, chini funga fundo linaloweza kurekebishwa.

Hatua ya 6: Kumalizia

Msasa, mafuta ya kitani au mafuta ya kupikia ukikosa, kitambaa kwenye kishikio.

Mishale ni somo lake. Matete makavu ya ufukweni yanafaa, ila usiyafuate majini peke yako alfajiri, mamba wapo. Usiachie upote bila mshale hata mara moja. Nguvu yote inayopaswa kuondoka na mshale inarudi kwenye mti.

Piga mishale 50 kwa mvuto mfupi siku ya kwanza, kisha urudishe ukutani na mizani. Wa mpwa wangu ulikuwa umeshuka kutoka kilo 13 hadi 12.4, na mkono wa chini ulitaka mipapaso sita ya kioo. Ukimaliza kupiga fungua upote, uulaze kwenye misumari miwili, mbali na dirisha.