Kuhamisha maandishi ya kuchonga kutoka Inkscape hadi programu ya mashine, hatua kwa hatua

Kazi za maandishi zinazoingia kwenye karakana za CNC (mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta) hapa Mombasa kwa kawaida ni za namna mbili. Kuna vibao vya majina ya nyumba, maduka na vyombo vya baharini, kwa herufi za Kirumi. Halafu kuna mbao za kizingiti cha juu cha mlango, Bismillahi au aya, kwa khati ya Kiarabu, na hizi ndizo zinazomuumbua fundi. Ukingo ukikwaruzika, msasa upo. Nukta ya be ikipotea, msasa hausaidii, na ubao wa mvule umeshakuwa kuni. Kwa hiyo mfano wangu ni kizingiti. Ukikiweza hicho, KARIBU ya dukani haitakushinda.

Nachora kwa Inkscape, ambayo ni ya bure, na njia za mashine, yaani njia ambazo biti (kisu kinachozunguka) itapita, natengeneza kwa Fusion au FreeCAD. Hizo ndizo ninazoziita hapa programu za mashine.

Hatua ya 1: Andika, kisha usomeshe

Maandishi yaandikwe kwenye Inkscape, si kwenye programu ya mashine. Programu kadhaa za mashine hazijui kuunganisha herufi za Kiarabu: utaziona zimeachana, mara nyingine zimepangwa kutoka kushoto kwenda kulia. Mwombe mteja akutumie maneno yenyewe kwa WhatsApp, si picha ya maneno, ili unakili na kubandika. Fonti ya Amiri ni ya bure na ni naskhi safi, ule mtindo wa khati unaosomeka kwa urahisi.

Chapisha karatasi kwa kipimo halisi, umpelekee maalim wa madrasa aisome. Mteja peke yake hatoshi. Wengi wanaijua aya kwa moyo, kwa hiyo macho yao husoma hata kisichokuwepo. Hapo hapo uliza kuhusu irabu. Fat-ha na kasra ni vijistari vyembamba, na kwenye mbao yenye nyuzi kubwa hupotea. Mimi hushauri ziachwe, isipokuwa ubao ni mkubwa.

Hatua ya 2: Geuza herufi ziwe mistari

Hifadhi kwanza nakala ambayo maandishi bado ni maandishi, maana ukishageuza huwezi tena kusahihisha neno. Kisha chagua yote, nenda menyu ya Path, bonyeza Object to Path. Usipofanya hivi, kompyuta ya mashine isiyo na fonti yako itaweka fonti nyingine, tena bila kukuambia.

Bado hujamaliza. Tenganisha makundi kwa Shift+Ctrl+G, chagua yote tena, kisha uunganishe kwa Union, yaani Ctrl na alama ya kujumlisha. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana. Katika fonti za Kiarabu, mkia wa herufi moja huingia kidogo juu ya herufi inayofuata. Kwenye skrini huoni kitu, ni weusi mtupu. Lakini programu ya mashine inaona mistari miwili iliyopishana, na mara nyingi huihesabu sehemu ya kupishana kuwa nje ya herufi. Biti inaizunguka na kuiacha. Ukipuliza vumbi, kila kiungo kina kijicho cha mbao kilichobaki kimesimama, kama punje ya mchele, na kukitoa kwa patasi bila kuharibu ukingo ni kazi ya saa nzima.

Badilisha mwonekano uwe Outline uone mistari mitupu. Pasiwe na mstari unaokatiza ndani ya herufi. Hesabu nukta zote, uzilinganishe na karatasi aliyosoma maalim.

Hatua ya 3: Weka mraba wa 100

Kando ya maandishi chora mraba wa milimita 100 kwa 100, usio na unene wa mstari, kwa sababu Inkscape kwa kawaida huhesabu unene huo ndani ya kipimo. Mraba huu hauchongwi. Ni shahidi tu.

Hatua ya 4: Hifadhi

Programu ya mashine ikikubali SVG, aina ya faili ya michoro ya Inkscape yenyewe, tumia SVG, ile iitwayo Plain SVG. Fusion na FreeCAD zote zinakubali. Ukilazimika kutumia DXF, aina nyingine ya faili ya michoro, chagua toleo la R14 na kipimo cha milimita. R12 ya Inkscape haihifadhi mikunjo, kwa hiyo tumbo la nuni litakatwa vipande vifupi vilivyonyooka, na mashine ndogo itakuwa inatetemeka badala ya kuteleza.

Hatua ya 5: Pima mraba

Fungua faili kwenye programu ya mashine na upime mraba kabla ya jambo lolote. Ukisoma 100, endelea. Ukisoma namba nyingine, yenyewe inakuambia ugonjwa:

93.75 ni faili la Inkscape ya zamani, iliyohesabu nukta 90 kwa inchi. Tangu toleo la 0.92 ni 96. 133.33 maana yake programu inasoma kwa nukta 72. 2540 au 3.937 ni milimita na inchi zimechanganywa.

Rekebisha kwa kuzidisha ukubwa kwa uwiano kamili: 93.75 unaizidisha kwa 96/90, 133.33 kwa 72/96. Usivute kwa kipanya hadi macho yaridhike.

Hatua ya 6: Chagua uchongaji

Hapa majina yanadanganya. Kwenye Fusion, Engrave ndiyo inayochonga kwa biti ya V, yenye ncha iliyochongoka, katikati ya kingo mbili za herufi. Kwenye FreeCAD, Engrave hufuata mstari tu. Unayoitaka ni Vcarve.

Kina hutokana na upana. Gawanya upana wa mkato kwa mbili, kisha zidisha kwa 1.73 kama biti ni ya digrii 60. Kwa ya digrii 90, nusu hiyo ndiyo kina chenyewe. Mkato wa milimita 12 utashuka milimita 10.4 kwa biti ya 60, na 6 kwa biti ya 90. Pima mkato mnene kuliko yote kabla hujachagua ubao. Na biti ya kipenyo cha milimita 6 haitafungua mkato wa 12 kwa pasi moja: weka kikomo cha kina, tumbo ulisafishe kwa biti bapa.

Herufi ndogo sana, kama tarehe pembeni, zisichongwe hivi. Tumia Hershey Text ya Inkscape, herufi za mstari mmoja zilizotokana na kazi ya Allen Hershey ya 1967, na biti ifuate mstari wenyewe tu.

Hatua ya 7: Sawazisha ubao

Kwa unyevu wa pwani yetu, ubao uliosimamishwa wima wiki moja unaweza kuwa umepinda. Upige randa, au uusawazishe kwa mashine yenyewe, kisha ndipo uweke sifuri ya Z, yaani usawa ambao mashine inaanzia kuhesabu kina. Ukipinda nusu milimita tu, biti ya digrii 90 itapanua au kupunguza mkato kwa milimita nzima. Ya digrii 60 kwa takriban 0.6. Ubao usiouamini, tumia ya 60.