Kumfundisha mchezaji mpya wa D&D mhusika wake

Namba za hapa ni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, sheria za 2014; ni mchezo wa mezani ambapo kila mtu anaigiza mhusika wake na dadu huamua matokeo. Kitabu kaa nacho wewe, mgeni mpe penseli.

1. Chagueni mhusika. Levo ya kwanza, binadamu, mpiganaji. Akitaka kuwa mchawi mwache, ila hatua ya 5 usiiruke kabisa.

2. Gaweni sifa. Namba ni 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Apange mwenyewe, ile kubwa iende kwenye nguvu. Binadamu anaongeza 1 kila sifa, kwa hiyo nguvu inakuwa 16.

3. Andikeni kadi ya shambulio. Hapa ndipo jioni nzima hupotea. Karatasi inaonyesha namba mbili za nguvu, 16 na +3, na mgeni hushika ile kubwa. Akirusha 10 anajumlisha 16, anapata 26, kila pigo linampata adui. Ile 16 kazi yake imekwisha: toa 10, gawa kwa 2, ukibaki na nusu shuka chini. Inayotumika mezani ni +3. Ifuteni 16 au iandikeni kwa herufi ndogo pembeni.

Kisha kwenye kadi ya mpiganaji mwenye upanga mrefu, mistari miwili tu:

Kupata: dadu ya pande 20, +5
Kuumiza: dadu ya pande 8, +3

Ile +5 ni 3 ya nguvu na 2 ya umahiri (nyongeza ya kuijua silaha). Umahiri hauingii kwenye kuumiza. Kosa hili hurudi hata kikao cha tatu. Goblini, adui mdogo wa kuanzia, ana kinga 15 (namba ya kufikia ili umpate) na uhai 7. Ukirusha 10, jumla 15, umempata, maana kulingana kunatosha. Dadu ya pili ikitoa 4, jumla 7, goblini chali. Ikitokea 20 yenyewe, rusha dadu ya upanga mara mbili, lakini +3 ijumlishwe mara moja. Ikitokea 1, umekosa hata hesabu ikitosha.

Programu za simu zisubiri. Zinajumlisha zenyewe, na chaji ikiisha mchezaji hajui +5 yake ilitoka wapi.

4. Piganeni na goblini mmoja, raundi tatu. Kila zamu: kusogea futi 30, tendo moja. Tendo la kujibu, yaani pigo moja nje ya zamu yake, mweleze adui anapokimbia kutoka karibu naye, si kabla.

5. Kwa mchawi, tumia maharage. Levo ya kwanza ana nafasi mbili za uchawi, yaani mara mbili za kuurusha, basi mpe maharage mawili. Uchawi mdogo (cantrip) hauli harage, mwingine wote unakula moja. Wageni hudhani kila uchawi aliouandaa una nafasi yake. Wakiona maharage mawili mkononi na majina manne kwenye karatasi, swali linaisha. Yakiisha, yanarudishwa baada ya mapumziko marefu ya mhusika ndani ya mchezo.