Kabla hujapanda ua la switi wiliamu nyumbani, zingatia haya

Jua kwanza. Chini ya mparachichi utavuna majani tu. Tafuta mahali panapopigwa na jua masaa sita au zaidi kwa siku.

Udongo usituamishe maji. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mvua ikianza Novemba haina mchezo mpaka Aprili, na Tukuyu ndiyo usiseme, kwa hiyo inua tuta shubiri moja hivi. Ua hili huoza pale shina linapogusana na udongo, na likishaoza hulirudishi. Samadi iwe imeiva kabisa. Udongo wa Mufindi na Njombe mara nyingi una asidi, nalo halipendi asidi kali: changanya chokaa ya kilimo wiki kadhaa kabla. Ukiwa karibu na TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mbeya, ulizia habari za kupima udongo.

Sasa muda wa kusia na wa kungoja maua, na hapa ndipo watu wanapoumia. Jirani yangu, mama mwenye mkono mzuri wa bustani, alisia Desemba, wakati unaofaa kabisa. Miche ikaota, akaipandikiza, ikajaza tuta kwa majani mabichi yaliyolala chini. Februari hakuna ua. Aprili hakuna. Watu wanapita wanamuuliza, "Mama, hii ni mboga gani?" Mwezi wa sita akachoka, akashika jembe, akang'oa tuta zima na kupanda chainizi. Vikabaki vishina vitatu nyuma ya pipa la maji, hakuviona. Septemba vikabeba vichwa vya maua mekundu yenye jicho jeupe katikati, ukiinama unasikia harufu ya karafuu. Alivitazama weee, kisha akasema, "Kumbe ndiyo haya niliyoyang'oa." Niliumia naye.

Ua hili kwa kawaida ni la misimu miwili. Kwanza linakuza majani, linapitia baridi, ndipo linachanua. Baridi yetu ya Juni hadi Agosti ndiyo linayoingojea, ila lazima iukute mche umeshakomaa. Sia kati ya Novemba na Januari. Ukisia Mei, baridi itaikuta miche ingali michanga, na huenda ukasubiri mwaka mwingine mzima. Usiyang'oe! Kama huna subira, soma pakiti vizuri kabla ya kulipa: jina la kitaalamu ni Dianthus barbatus, na zipo aina zake zinazochanua mwaka uleule.

Mbegu ni ndogo, zifukie kidogo sana. Ukipandikiza, acha sentimita 20 hadi 30 kati ya mche na mche. Yakibanana, majani hayakauki, na ugonjwa wa kutu unaingia. Geuza jani utazame upande wa chini. Ukiona vipele vya kahawia, chuma majani hayo uyachome, usiyatupe kwenye mboji. Mwagilia asubuhi, maji yaende shinani, si juu ya majani.

Shada likinyauka likate, ila bakiza machache yakomae mbegu.

Kuku wafungie, wanachakura miche yote. Sota, wale viwavi wa ardhini, nao hukata miche usiku, kwa hiyo pita asubuhi ukague. Watoto wasitafune majani wala maua, yanaweza kuwasumbua tumbo. Na mbegu za kupimiwa kwenye karatasi, zisizo na jina wala tarehe, achana nazo hata kama ni za bei ya bure.