Spika inakwaruza? Cheki swichi ya nyuma kabla hujagusa mixa

Wale wa bendi na kwaya mnaotumia spika zenye amplifaya ndani, mkichomeka waya kutoka MAIN OUT (tundu la kutolea sauti kuu) ya mixa angalieni nyuma ya spika kuna kaswichi kameandikwa MIC/LINE, kawekeni LINE. Mixa inatoa moto (nguvu ya mawimbi ya sauti kwenye waya) mkubwa sana kuliko maiki, sasa spika ikiwa kwenye MIC inaukuza tena huo moto ndo unasikia besi inakwaruza na sauti inapasuka hata kama taa za mixa ni kijani tupu, na watu wanaanza kulaumu mpiga besi wa watu bure. Shusha volyumu kwanza ndo uhamishe swichi, kisha panda taratibu. Zingine hazina swichi, zina kinobu tu, LINE katikati na MIC mwisho kulia, hapo usivuke katikati.

Haitasaidia kama taa nyekundu inawaka kwenye chaneli ya mixa yenyewe, hapo punguza geni (kinobu cha GAIN, kinachokuza sauti inayoingia) ya hiyo chaneli. Na spika zisizo na amplifaya ndani hazina hiyo swichi kabisa, zile lazima zipitie amplifaya ya nje.